Maziwa ya Samaki wa Yona

Tangu milima ya Minembwe, kule Kongo, iumbwe, hakuna mtu wa ukoo wa Isimbi aliyekula samaki mbele za watu. Samaki ni mambo ya ziwani. Mtu wa ng'ombe akishikwa na hamu anakula kwa kujificha, anapiga mswaki mara mbili, na akiulizwa anakana kama Petro. Haya. Ukoo huohuo ukamleta binti Amerika, ukamsomesha Buffalo, ukamwombea kila Ijumaa kanisani, na binti akamaliza chuo akiwa mtaalamu wa nini? Wa samaki! Siyo unesi, ambao hata bibi kizee wa West Side angeuelewa. Siyo uhasibu. Samaki, tena wa barafu, tena asiye na damu nyekundu.

"Si angesoma ng'ombe?" mama yake, Rakeli, alikuwa anawaambia wenzake wa kwaya kwa ile sauti ya kutangaza mgonjwa. "Kwani Amerika ng'ombe wamekwisha?"

Isimbi alijali, kisha akazoea. Kwa miaka mitatu aliingia maabara saa mbili asubuhi, akavaa glavu, akatoa kwenye friza mioyo ya samaki wa kule chini kabisa mwa dunia, akaikata vipande vyembamba kama karatasi ya Biblia na kuitazama kwenye darubini. Aliwapenda wale samaki kwa sababu hawakuwa na haya. Mdomo mrefu kama wa bata, ngozi tupu bila gamba hata moja, mashavu meupe pale samaki mwingine anapokuwa mwekundu. Wanaishi kwenye maji ya baridi hadi chini ya sifuri, maji ambayo yangekuwa barafu kama siyo chumvi, na wao hawagandi, kwa sababu ndani ya damu yao kuna kitu, maabara wanakiita antifreeze, kinachozikamata chembe za barafu zikiwa bado changa na kuzizuia zisikue. Unawacheka? Cheka. Wao wako hukohuko wanaogelea.

Basi, Jumanne moja ya Novemba, Isimbi akiwa kwenye basi la Niagara Street anarudi nyumbani Riverside, simu ikatetemeka. Amechaguliwa! Meli ya utafiti, inatoka Chile mwisho wa Januari, inarudi mwisho wa Aprili, inakwenda kwenye bahari ya barafu ambako juzijuzi tu watu waliteremsha kamera chini ya barafu wakakuta viota vya samaki hao. Siyo viota kumi. Inakadiriwa ni milioni sitini! Kila kiota kimechimbwa na kufagiliwa, mviringo wa mawe madogo, mayai kama elfu moja na mia saba ndani yake, na samaki mmoja amelala juu analinda. Isimbi alipiga kelele hadi dereva akamwangalia kwenye kioo.

Kisha akakumbuka kwamba mwezi wa tatu anaolewa.

Mchumba wake aliitwa Kagabo, kijana wa Louisville, Kentucky, fundi kwenye kiwanda cha mafriji. (Rakeli hakuiacha hiyo ipite: "Mmoja anatengeneza friji, mwingine anataka kuhamia ndani yake. Mungu anajua kuunganisha.") Isimbi akampigia akiwa bado kwenye basi.

"Nenda," Kagabo akasema bila hata kupumua. "Tutafunga mwezi wa nane."

"Waambie hivyo wazee wenu."

Hapo Kagabo akasema basi tuombe Mungu, na mtu usimlaumu. Kwao bwana harusi hana sauti. Bibi harusi ndiyo kabisa. Siku ya gusaba, siku ya kupeleka posa, kila upande unakuja na msemaji wake, na mdomo wa ukoo ni huo mmoja. Tarehe, ng'ombe, heshima, kila kitu kinapita kwenye mdomo huo, na wasemaji wanapigana kwa dharau mbele ya watu hadi mmoja aishiwe. Anayeishiwa, upande wake unakubali alichotaka mwenzake. Ndiyo desturi, na inachekesha sana kama siyo wewe unayeolewa.

Gusaba yao ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, kwa sababu ni katikati ya Buffalo na Louisville na kanisa la pale lina ukumbi. Meli ilitaka jibu ifikapo Jumatatu. Kwa hiyo mambo yote ya Isimbi yalikuwa yamekaa kwenye ulimi wa msemaji wake.

Na msemaji wake alikuwa nani? Baba mdogo Azarias! Azarias wa Reynoldsburg, ambaye mchana anaendesha forklift ya kunyanyua mizigo ghalani na jioni anajiona mfalme wa kusifu ng'ombe. Tangu afike Amerika ng'ombe aliyemwona kwa karibu ni yule aliyechorwa kwenye katoni ya maziwa, lakini mpe kipaza sauti uone. Anafumba macho, anapanua mikono kama pembe, na hapo hamwezi kula hadi amalize.

Upande wa Louisville walikuwa na Mzee Nyarugabo. Huyo jina lake linatosha. Kutoka Kentucky hadi New York hakuna gusaba aliyoshindwa, na video zake zinazunguka kwenye makundi ya simu kama mahubiri. Inasemekana aliwahi kumdharau baba mkwe mmoja kwa adabu hadi mtu wa watu akaomba msamaha bila kujua kosa lake.

Isimbi akafanya alichoweza. Alimtumia baba mdogo ujumbe wa sauti mara kumi na moja. Alimweleza samaki kuanzia mdomoni hadi mkiani, alimweleza damu, moyo, viota, alimweleza hata jina. Wazungu wamempa samaki yule jina la nabii Yona, kwa sababu wa kwanza kujulikana alitolewa tumboni mwa nyangumi. Azarias alisikiliza akiwa juu ya forklift, kwa mwendo wa haraka mara mbili, akajibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba tu! Ndiyo mambo ya watu wazima wanaojua kila kitu.

*

Siku ikafika, na baridi nayo. Isimbi alifungiwa kwenye chumba cha Sunday school nyuma ya ukumbi, amevaa mushanana wa rangi ya dhahabu, lile vazi la kufunga begani, amekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka sita. Edah alikuwa naye. Edah ni Mkenya, wanafanya kazi pamoja maabara, na aliendesha gari saa tano kutoka Buffalo kwa sababu, alisema, huko kwao harusi zimekuwa kama mkutano wa ofisi.

Mlango waliuacha wazi kidogo. Ukumbini watu wa Louisville walikuwa wameingia, wanaume wote shuka begani, makoti wameyaacha kwenye basi dogo walilokuja nalo wote ili shuka zionekane vizuri. Mzee Nyarugabo alikuwa mbele, mwembamba, fimbo mkononi, ametulia kama daktari wa meno.

Zile salamu za kuchokozana zikapita. Wageni wakashutumiwa kwa kuchelewa, wakajibu kwamba barabara ya kuja kwa watu wa maana ni fupi, ile ya leo ilikuwa ndefu. Watu wakacheka, maziwa yakapita. Hapo Azarias akasimama kuomba tarehe isogezwe.

"Bon. Wakwe zetu," akasema kwa kile Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani, "mutoto yetu tunawapa. Lakini siyo mwezi ya tatu. Mwezi ya nane."

"Juu ya nini?" Nyarugabo akauliza polepole. "Mutoto iko mugonjwa?"

"Hapana. Ameitwa."

"Ameitwa na nani? Na serikali?"

Azarias akakohoa. "Na samaki."

Ukumbi ukalipuka. Kule chumbani Edah akajishika kinywa. Nyarugabo hakucheka, na ndiyo ubaya wake. Aliwageukia watu wake taratibu kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Ba ndugu, mumesikia? Tumelala barabarani toka Louisville. Tumekuja kuomba mwanamuke. Banatuambia mwanamuke iko na miadi na samaki." Akaigeukia meza ya Azarias. "Mukwe, kwenu kule mulimani samaki walikuwa banalala zizi gani?"

"Wueh," Edah akanong'ona. "Huyu mzee ni moto."

"Ni mjinga," Isimbi akasema. "Ni mjinga mwenye sauti nzuri tu."

Lakini Azarias alikuwa na akiba. "Mzee, usichekeshe watu kama hujauliza jina ya mnyama. Ile samaki banaiita samaki ya Yona! Ya kwanza ilitoka kwa tumbo ya nyangumi, sawa nabii!"

Akina mama wakasema amina. Wazee wawili wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu Yona ni Yona. Isimbi akakaza ngumi. Kumbe ujumbe wa saba uliingia!

"Yona," Nyarugabo akarudia, na sauti yake ikawa tamu kabisa. "Aksanti kwa kunikumbusha. Yona alikuwa nani? Si njo ule Mungu alimutuma Ninawi, yeye akatafuta meli ya kwenda fasi ingine? Na huyu tunamutuma Louisville, naye anatafuta meli. Kumbe munajua kuchagua jina!"

Lo! Hata upande wa bibi harusi walicheka. Kuna mtu aliangusha sahani. Rakeli aliingia chumbani amejifunika uso na khanga, mabega yanamtikisika, na Isimbi hakujua mama yake analia au anafanya nini.

"Mama, unacheka!"

"Sicheki, mwanangu. Ni hasira."

Sasa mwelewe Azarias. Mtu amepigwa mbele ya kanisa lake mwenyewe, mji wake mwenyewe, na wakubwa zake wa kazini wawili wamealikwa wamekaa pale na sahani za wali. Akafanya kitu pekee anachokijua. Akafumba macho. Akapanua mikono.

"Aah, Mungu wangu," Isimbi akasema. "Anamsifu."

Ndiyo, alimsifu! Alimsifu samaki kama ng'ombe, kwa ile sauti ya juu ya malishoni inayomwaga maneno bila nukta. Alimwita dume la barafu, alimwita mwenye ngozi laini kama ndama wa jana, alimwita mlinzi asiyeondoka zizini hata simba wa bahari akija. Na, tuseme haki, ilikuwa tamu. Wazee walianza kuinuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu mmoja wa Louisville alijisahau akanyoosha mikono naye. Na Azarias, kwa sababu hajui kusimama anapopigiwa makofi, akaongeza.

"Munasema hana damu? Juu yeye si wa damu! Ng'ombe zenu zinaficha maziwa kwa kiwele. Yeye maziwa inatembea kwa mishipa yote, maziwa inaingia kwa moyo, maziwa inatoka kwa moyo! Samaki ya maziwa! Mungu aliiweka huko kwa barafu ili isiharibike!"

Ukumbi ukasimama wote. Samaki wa maziwa! Miaka mia tatu wamedharau samaki, kumbe Mungu aliwawekea wao wa kwao, amejaa maziwa, ndani ya friji! Bibi mmoja alilia machozi ya kweli.

"Sikusema hivyo," Isimbi akasema. "Edah, sikusema hivyo. Nilisema nyeupe. Nilisema haina rangi."

"Lakini si mnashinda? Sikiza hiyo kelele. Nyamaza basi, enda Antarctica."

Kelele zikashuka. Nyarugabo alikuwa amenyanyua fimbo yake kidogo tu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Maziwa," akasema. "Mukwe, unahakikisha ni maziwa?"

"Kabisa!"

"Bon. Mi niko mutu ya kusikiliza. Donc tufanye hivi. Mutoto mwenyewe njo amesoma. Aitwe hapa. Akisema ni maziwa, mwezi ya nane ni yenu, na mi ninarudi Louisville nimefunga kinywa. Akisema siyo maziwa, basi msemaji yenu ametudanganya kwa gusaba, na harusi ni mwezi ya tatu, na hakuna mutu ataongeza neno."

Azarias akasema sawa. Alisema sawa haraka, kwa raha, kwa sababu kichwani mwake yalikuwa maziwa kweli. Usidanganyike ukadhani mtu yule alikuwa mwongo. Mwongo angesita.

*

Edah alimshika mkono mlangoni. "Sema milk. One word. Nani hapa ataenda kucheki?"

Na ndiyo hivyo hasa, nani? Kati ya watu mia mbili wale hakuna atakayemwona samaki yule maisha yake yote. Neno moja, na Jumatatu anajibu barua, na mwisho wa Januari yuko juu ya maji, kamera inashuka, viota vinaanza kupita kimoja kimoja. Isimbi alitembea kati ya viti na mushanana wake na kila hatua alikuwa anasema moyoni: maziwa, maziwa, maziwa. Simu zote zilikuwa juu zinarekodi. Jioni video itakuwa Kigali, itakuwa Nairobi, itakuwa Minembwe kwenyewe. Na itasema kwamba binti wa kwanza wa mlima kumjua samaki yule alisema ana maziwa.

Alimwangalia baba mdogo. Azarias alikuwa anatabasamu na jasho usoni, mkono mmoja bado umepanuka nusu pembe. Alimwangalia Kagabo, kwenye kiti chake cha mbele, macho chini kama desturi inavyotaka.

"Binti," Nyarugabo akasema kwa upole wa nyoka. "Ni maziwa?"

"Si maziwa, mzee."

Ukasikia viti vikilia. Azarias aliteremsha ule mkono polepole.

"Ni damu," Isimbi akaendelea, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga. "Damu yenyewe kabisa, ila imekosa kile kitu chekundu kinachobeba hewa. Maji ya kule ni ya baridi sana, na maji ya baridi yanashika hewa nyingi, kwa hiyo inaingia tu na kuchanganyika na damu, inatosha. Lakini siyo bure. Lazima awe na damu nyingi kupita samaki wengine, na moyo mkubwa wa kuisukuma. Nimeikata mioyo hiyo miaka mitatu. Hakuna tone la maziwa."

"Donc ni upungufu wa damu," Nyarugabo akawaambia watu. "Samaki iko na anemia."

"Wewe ungekuwa nayo, mzee. Yeye yuko na afya."

Watu wakaguna. Binti haongei hivyo. Nyarugabo mwenyewe alipepesa macho, na mtu aliyefuga ng'ombe, hata awe na kiburi namna gani, ana udadisi wake.

"Na ile Azarias amesema, ya kulinda. Dume inakaa na mayai?"

"Wataalamu wanafikiri ni dume. Anachimba kiota, anafagia mchanga, anabakiza mawe, analala hapo miezi."

"Na mwanamuke iko wapi?"

"Amekwenda kula, mzee."

Akina mama wa Louisville, siyo wa Buffalo, wa Louisville, walicheka hadi mmoja akapigiwa mgongo. Nyarugabo akagonga fimbo chini.

"Inatosha! Amesema siyo maziwa. Tumesikia sisi wote. Mwezi ya tatu."

"Mzee, nimesema ukweli wa samaki," Isimbi akasema. "Acha niseme na huu mwingine. Mwezi wa tatu mtafunga harusi na nani? Mimi nitakuwa kwenye meli."

Hapo hakuna aliyecheka. Rakeli, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni, alikaa chini pale alipokuwa, na hapakuwa na kiti.

Nyarugabo akafanya kile ambacho kwenye video zake zote hajawahi kulazimika kukifanya. Akaokota kibuyu cha maziwa walichokileta, akakifunga mdomo, akakiweka kwapani.

"Watu ya Louisville, tusimame. Posa tumeichukua. Tutaoa kwa watu benye kuwa na damu."

Wakasimama. Wazee, vijana, wapambe, shuka zikapangwa mabegani. Ukumbi wote ulikuwa unasikia sauti ya viatu. Mtu mmoja tu hakusimama.

"Kagabo," Nyarugabo akasema. "Simama, kijana."

"Niko sawa hapa, mzee."

"Nimesema simama!"

"Nimesikia, mzee. Aksanti."

Hakuwa na hasira. Hakuinua sauti. Alikaa tu na mikono magotini kama mtu anayesubiri basi.

"Basi lete funguo ya gari," Nyarugabo akasema. "Utarudi na miguu."

"Hiyo siwezi, mzee. Gari ni ya kukodi. Kwenye karatasi nimeandikwa mimi tu. Akiendesha mwingine na polisi akatushika, ni kesi."

Sasa, hakuna kitu duniani watu wetu wanakiogopa kama karatasi yenye jina la mtu mwingine. Simba, sawa. Karatasi, hapana. Wazee wa Louisville wakaangaliana. Lakini Nyarugabo alikuwa tayari ametangaza, na mtu wa aina yake hawezi kutangaza kutoka halafu asitoke. Akatoka. Wanaume kumi na wanne wakamfuata, mlango ukafungwa nyuma yao, na makoti yao yote yakawa ndani ya gari lililofungwa.

Wanawake wa Louisville hawakufuata. Walisema watangoja gari likifunguliwa, wakamwaga chai, wakaanza kuwauliza akina mama wa Buffalo wamepata wapi vitambaa vile.

Edah alikimbilia dirishani. Na mimi ningekimbilia, na wewe pia! Pale maegeshoni upepo ulikuwa unapita kama una hasira na mtu. Zile shuka za kupendezea zilipaa juu zikawafunika nyuso. Mzee mmoja alijaribu mlango wa gari, kisha akajaribu tena, kana kwamba mlango ungemwonea huruma. Nyarugabo alisimama mbele yao, kibuyu kwapani, amenyooka, hakumwangalia mtu. Dakika tatu. Dakika tano. Wawili wakaingia ndani kimyakimya wakijifanya wanatafuta choo. Dakika ya nane walikuwa wamebaki sita, wamekumbatiana kama mahindi kwenye gunzi, na Nyarugabo peke yake pembeni, pua imebadilika rangi.

"Isimbi, njoo uone," Edah akaita. "Hakuna antifreeze hapo."

Isimbi hakwenda. Alikuwa amevuta kiti akakaa mbele ya Kagabo, kitu ambacho bibi harusi haruhusiwi, lakini siku ile nani alikuwa anahesabu tena?

"Wakikukataa je?"

"Watanikataa vipi? Nani atawaendesha hadi Louisville?" Kagabo akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilidhani utasema maziwa. Mi ningesema."

"Najua ungesema."

"Ningesema na siagi."

Dakika ya kumi na mbili mlango ukafunguliwa. Samaki bila damu wanakaa maisha yao yote chini ya sifuri. Msemaji wa Louisville alidumu dakika kumi na mbili za Reynoldsburg! Aliingia, akaweka kibuyu mezani, na midomo yake ilikuwa migumu hadi maneno ya kwanza hayakueleweka. Mama mmoja akampa chai. Akainywa amesimama. Alipopata sauti, aliitumia kama kawaida yake.

"Mi nimefikiri huko inje," akasema. "Nimeona watu ya Buffalo hawana msemaji. Wako na mutu ya kuimbia samaki. Kumushinda mutu kama huyo ni zambi, ni sawa kupiga mutoto. Donc, kwa huruma yangu, siyo kwa nguvu yenu, mwezi ya nane. Na muandike kwamba tuliwapa sadaka."

Sadaka! Mtu meno yanagongana, anatoa sadaka! Isimbi alisikia jibu linapanda kooni, jibu zuri, la kuchoma, lenye kibuyu na pua nyekundu ndani yake. Aliwaona mama yake na Kagabo wakimwangalia, wote wawili kwa macho yaleyale ya kumwomba aache.

"Aksanti, mzee," akasema, na akapiga goti kidogo, vizuri, kama alivyofundishwa.

Nyarugabo akapokea, amejaa fahari. Hadi leo Louisville anaisimulia kama ushindi wake mkubwa kuliko yote, na ile sehemu ya maegesho haimo.

Azarias hakula. Alikuwa ameketi peke yake jikoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Isimbi alipomfuata aligeuza uso ukutani.

"Baba mdogo, ulimsifu vizuri. Hakuna mtu amewahi kumsifu samaki yule hivyo."

"Uliniambia ni nyeupe."

"Nilikuambia."

"Sasa kitu nyeupe, ya ndani ya mnyama, mi ningefikiri nini ingine?" akauliza ukuta. "Unisemeshe? Usinisemeshe. Umenivua nguo mbele ya supervaiza wangu."

Hakugeuka, na kwa miezi mingi hakupokea simu yake. Isimbi alisimama pale kidogo, harufu ya mchuzi wa mbuzi imejaa jikoni, kisha akarudi kwenye chumba cha Sunday school, akakaa kwenye kile kiti kidogo, akafungua ile barua ya meli kwenye simu. Hakungoja Jumatatu. Aliandika kwamba anakuja, akafuta, akaandika tena, akatuma jibu.